Kiulizo

Kitabu kinasema bua ni jeusi, laini,
linang'aa kama waya uliopakwa mafuta.
Mimi nimepiga magoti juu ya jabali la Igogo,
lenzi jichoni, jua kisogoni,
na bua ninaloliona lina manyoya.

Si mengi. Vigamba vya rangi ya tumbaku
vinapanda kutoka kwenye ufa
mpaka pale jani linapoanza kujigawa,
kisha vinaacha ghafla,
kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

"Unamtafuta nani humo?"
Mayu Kwandu hajainua kichwa.
Nyundo inashuka, kokoto zinaruka,
debe la tatu tangu asubuhi.
"Kangaga. Nataka kujua ni la aina gani."
"Ni la hapa," anasema.
Nyundo.
"Umeshajua."

Nina karatasi za makangaga ya milimani,
yamekaushwa, yamebandikwa, yamepigwa mihuri:
Usambara, Uluguru, Rungwe,
kila moja limelala chali kama mgonjwa wa Bugando
na cheti chake kifuani.
Nayatandaza juu ya jiwe,
naazima kokoto za Mayu kuyakandamiza, upepo wa ziwa hauna adabu.
Nageuza jani letu. Chini ya pindo
vumbi la uzazi limejipanga mstari wa kahawia,
mshono wa fundi asiye na haraka.
Mshono ni ule ule wa Usambara.
Pindo ni lile lile.
Manyoya tu.

Je, manyoya yanatosha kumpa mtu ukoo?

Mayu anapumzika, anakoroga uji kwa kijiti.
Marehemu Mafuru, mumewe, alivua kwa ndoana upande wa Luchelele.
Ukimwekea furu kumi kwenye sinia moja
aliwatenga bila kuuliza:
huyu wa mwamba wa kwetu, huyu wa mwamba wa ng'ambo,
wekundu wa mapezi umezidi kidogo, basi.
"Mwamba na mwamba mnaonana.
Ukiita kule wanaitika.
Lakini furu havuki."
Anameza. "Na wewe,
uliposema *kangaga* nikajua umekuja na basi."

"Nyie mnaliitaje?"
"Mama yangu aliliita Mfu Mwongo."

Anachomoa kwenye ufa wa juu, ule uliokauka,
kitu kama ngumi ya mtoto mchanga,
kijivu, kimejikunja, chepesi kuliko ganda la karanga.
Ningekipita. Nilikuwa nimekipita.
Anakitia kwenye kikombe changu, kwenye maji yangu ya kunywa,
bila kuniomba ruhusa.
"Nenda nacho. Usikichungulie chungulie."

Nilichungulia. Saa nne usiku, chumbani Nyegezi, umeme umekatika,
tochi ya simu mdomoni:
kidole kimoja kimefunguka.
Saa nane, vitatu, na kijani kinarudi
kuanzia katikati, pole pole,
kama aibu inavyopanda usoni.
Vigamba vilikuwa vimevimba maji.
Kitabu hakina ukurasa wa saa nane usiku.

Asubuhi nilirudi kumweleza. Alikuwa amehamia
upande wa pili wa jabali,
ambako jiwe ni gumu zaidi na debe halijai upesi.
Lori lingekuja Alhamisi.
Sikumuuliza kwa nini amehama. Hakusema.
Ufa ulikuwa mzima.

Kwenye cheti nimeandika:
*Mahali: Igogo, ufa wa jabali, unatazama ziwa.*
*Mkusanyaji: Kwandu Shigela, mgonga kokoto.*
*Jina la mama yake: Mfu Mwongo.*
Na pale pa jina lenyewe, lile refu la kitabu,
nimeliandika lote, herufi kwa herufi,
kisha *aina ya Mwanza,*
kisha kiulizo.

Kiulizo nimekifuta mara mbili.
Karatasi imechubuka hapo.
Nimekirudisha.